Ya Kazi au ya Starehe?

Huku kwetu Kwedizinga, kata mojawapo ya Wilaya ya Handeni, mtu akinunua kitu cha fedha nyingi huona haya kusema kwamba amekinunua apate kujifurahisha. Pikipiki ni ya kazi, hata kama safari zake nyingi ni za jioni kwenda kutazama mpira. Simu kubwa ni ya kazi. Redio ya spika mbili ilinunuliwa kwa ajili ya taarifa ya habari. Nadhani ni tabia ya jamii ya wakulima, ambako fedha huja kwa msimu na kila shilingi hutazamwa na macho mengi: ya mke, ya watoto, ya mama mzazi, ya ndugu anayesubiri ada ya mwanawe. Mbele ya macho hayo neno "kazi" ni cheti cha ruhusa.

Basi nilipoanza kutafuta kompyuta mpakato ya kwangu mwenyewe, kila niliyemweleza aliniuliza swali lile lile: "Ya kazi au ya starehe, Mwalimu?" Nikajibu kwamba ni ya vyote viwili. Wenzangu wa barazani walicheka. Mama watoto hakucheka. Alisema, "Baba watoto, sema kweli. Kazi ni kiasi gani na starehe ni kiasi gani?" Nikamwomba siku mbili nikapige hesabu, maana aliuliza swali la haki. Fedha zilikuwa za mahindi na machungwa tuliyolima pamoja, wala hazikuwa za mshahara wangu peke yangu.

Nilichukua daftari nikaandika. Upande wa kazi: kuchapa mitihani na maazimio ya kazi, kupanga matokeo ya wanafunzi katika majedwali, barua, kuingiza taarifa za utendaji katika mfumo wa PEPMIS tunaoutumia watumishi wa umma, na hesabu za kikundi chetu cha kukopeshana, ambacho mimi ni katibu wake. Yote hayo yalifika kama saa nane kwa wiki, na wiki ya mitihani kumi na mbili. Upande wa starehe: filamu usiku wa Ijumaa na Jumamosi pamoja na watoto, muziki, kusoma vitabu, na jambo moja ambalo nitalieleza mbele kidogo. Hizo zilikuwa saa kumi na tano au kumi na sita. Nilimpelekea karatasi. Aliisoma, akasema, "Kumbe kazi ndiyo mgeni." Tangu hapo sikutumia tena cheti kile cha ruhusa, na naamini kwa sababu hiyo nilichagua kwa akili iliyotulia.

Kwani jambo lenyewe liko hivi. Kazi ya ofisini ya mtu wa kawaida ni nyepesi mno kwa kompyuta. Jedwali la wanafunzi tisini na masomo yao tisa halichoshi mashine ya mwaka 2012. Barua haihitaji kitu chochote ambacho kompyuta za miaka ya tisini hazikuwa nacho. Kinachoitoa jasho mashine ni starehe: filamu yenye picha safi, michezo ya watoto, sauti za kusafishwa, kurasa kumi za intaneti zilizofunguliwa pamoja. Anayesema "nanunua ya kazi tu" hununua inayotosha kazi, kisha ikifika usiku anaibebesha mzigo ambao hakuupimia. Baada ya mwaka mmoja utamsikia akisema kompyuta imezeeka. Haikuzeeka, ila ilichaguliwa kwa nusu ya matumizi yake, tena nusu iliyo ndogo.

Nilisema kuna jambo moja. Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikirekodi wazee wakisimulia hadithi na kuimba nyimbo za Kizigua: nyimbo za kulima kwa ushirika, za unyagoni zile zinazoruhusiwa kusikiwa na mwanamume, na ngano za sungura na fisi. Nilirekodi kwa simu, na mashangazi walinizoea wakawa wanasema, "Washa hiyo simu yako tuanze." Hakuna aliyenituma na hakuna anayenilipa, kwa hiyo katika daftari langu nililazimika kuliandika jambo hili upande wa starehe. Lakini simu hujaa. Simu huanguka ndani ya ndoo. Binamu yangu mmoja alikuwa na sauti ya babu yetu katika simu yake, na simu hiyo iliibwa stendi pamoja na babu ndani yake. Wapo pia jamaa zetu wa mbali, Wazigua ambao mababu zao walipelekwa utumwani Somalia katika karne ya 19, na ambao baadhi ya wajukuu zao walirudi wakiwa wakimbizi wakapewa makazi Chogo, hapa hapa Wilaya ya Handeni. Kizigua chao kimehifadhi maneno ambayo sisi tumeyaacha. Wengine wao walichukuliwa kwenda Marekani kuanzia mwaka 2003. Nikisikiliza nyimbo zao nami nikiwa na zetu, natamani kuziweka pamoja mahali pamoja. Hiyo ndiyo starehe iliyonifanya nitafute kompyuta. Mitihani ningeendelea kuichapa katika mashine ya shule.

Neno "mpakato" linanipendeza. Limetoka kwenye kupakata, kama mama anavyompakata mtoto. Wenzetu wa Kenya hupenda kusema kipakatalishi, na mitaani kwetu watu husema laptopu tu na maisha yanaendelea. Mashine za kwanza za kubebeka hazikustahili jina hilo hata kidogo. Osborne 1, iliyotoka Marekani mwaka 1981, ilikuwa na uzito wa kama kilo 11, yaani zaidi ya nusu debe la mahindi, wala haikuwa na betri ndani yake. Mwaka huo sisi huku tulikuwa mbali na mambo hayo, maana mwaka 1974 Serikali ilikuwa imepiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, na marufuku hiyo ilichukua miaka mingi kulegezwa. Watu wa rika langu tulikua tukiijua kompyuta kwa jina kama tunavyolijua theluji. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kiliposhiriki kutoa programu za ofisini kwa Kiswahili, zilizoitwa Jambo OpenOffice, wengi wetu vijijini hatukuwa na mashine ya kuziweka.

Siku hizi mashine zipo, tena ni nyingi hadi zinachanganya. Mwenye fedha za wastani hukutana na njia panda kama ile ya Segera. Njia moja ni kununua mpya ya bei nafuu, ambayo inang'aa na ina karatasi zake, lakini ndani ina prosesa dhaifu, kumbukumbu ya gigabaiti 4 na hifadhi ya gigabaiti 64 ambayo Windows peke yake huimega nusu. Njia nyingine ni mtumba: mashine zilizotumiwa na makampuni ya Ulaya, Marekani au Uarabuni kwa miaka mitatu minne, zikauzwa kwa jumla, zikafika Kariakoo. Mimi sina shaka kuhusu njia ya kufuata. Kompyuta iliyotengenezwa kwa ajili ya karani wa kampuni kubwa ilitengenezwa iteswe. Bawaba zake ni za chuma, kibodi yake huvumilia, na fundi anaweza kuifungua kwa bisibisi ya kawaida akaongeza kumbukumbu au kubadili diski. Ile mpya ya bei nafuu mara nyingi imegandishwa kila kitu humo ndani, ikiharibika ni kuizika.

Mtumba nao una hila zake, na hila kubwa ya miaka hii ni ya tarehe. Oktoba 14, 2025 kampuni ya Microsoft iliacha kutoa matengenezo ya bure ya kawaida kwa Windows 10. Windows 11 nayo, iliyotoka mwaka 2021, inadai prosesa ambayo kwa mashine za Intel ni, kwa kawaida, ya kizazi cha nane na kuendelea, yaani zile zilizoanza kutoka mwaka 2017. Matokeo yake makampuni ya huko nje yametupa mashine nyingi za kizazi cha sita na cha saba, na nyingi ya hizo ndizo zinazoshuka kwetu kwa bei ya kuvutia. Si kwamba hazifanyi kazi. Anayejua kuweka Linux anaweza kuitumia mashine ya namna hiyo miaka mingine mitano bila wasiwasi, na mwalimu mwenzangu mmoja hufanya hivyo. Lakini muuzaji hatakwambia. Atakuonyesha Windows 11 imewekwa kwa ujanja wa kuruka masharti, utatabasamu, kisha siku moja matengenezo yatagoma. Kwa hiyo nilijifunza kusoma namba ya prosesa: i5-8250U, ile 8 ya kwanza baada ya kistari ndiyo kizazi. Namba hii mtu anaweza kuisoma mwenyewe dukani bila kumtegemea muuzaji.

Hila nyingine ilinichekesha. Duka la tatu nililoingia walinipa mashine nzuri kweli, safi, bei ya chini kuliko nyingine. Desturi yangu dukani ni kuchapa sentensi moja ya Kiswahili kabla ya kuuliza bei, nami nikachapa jina la kwetu. Kioo kikaandika "Kwediyinga". Nikachapa tena, kikaandika vile vile, na Wazigua wakawa Wayigua. Kumbe mashine ilitoka Ujerumani, ambako herufi Z na Y hubadilishana nafasi katika kibodi. Zile za Ufaransa hubadilisha A na Q. Kijana wa duka alisema, "Mzee, hiyo ni kubadili lugha tu kwenye mipangilio." Ni kweli, mipangilio hubadilika, lakini maandishi yaliyo juu ya vitufe hayabadiliki, na mwanafunzi atakayeitumia atakuwa anasoma hiki na kupata kile. Wajerumani walishatuandikia majina ya vijiji vyetu wanavyotaka wao mara moja, inatosha. Niliiacha.

Mpwa wangu aliye Dar es Salaam, aliyekuwa akinisindikiza, alitaka nichukue ya michezo. "Mjomba, hii ina kadi yake ya picha, itabeba kila kitu." Ilikuwa na taa nyekundu chini ya vitufe kama gari la harusi. Niliuliza betri inakaa saa ngapi akatazama pembeni. Mashine za namna ile zinaishi ukutani. Ni kompyuta za mezani zilizovaa nguo za safari.

Na hapo ndipo palipokuwa na kiini cha uchaguzi wangu, maana nyumba yangu iko Kwedizinga. Tuna umeme, namshukuru Mungu. Mradi wa umeme vijijini ulitufikia, tukaunganishwa kwa shilingi 27,000. Ajabu ni kwamba umeme ulikuwa jirani siku zote: kituo cha Hale, wilayani Korogwe, kimekuwa kikizalisha kwa maji ya Mto Pangani tangu mwaka 1964, megawati 21, nasi watoto wa upande huu tulikua tukisomea koroboi. Lakini umeme kufika na umeme kukaa ni mambo mawili. Hukatika jioni, na jioni ndiyo saa ya starehe. Kazi yangu naweza kuipanga mchana. Filamu ya watoto na sauti za mashangazi ni za usiku. Kwa hiyo betri, ambayo mtu wa mjini huiona kama kitu cha ziada, kwangu ilikuja kabla ya prosesa.

Betri ya mtumba haipimwi kwa maneno. Kila mashine ya Windows inaweza kutoa ripoti yake ya betri, inayoonyesha uwezo iliozaliwa nao na uwezo uliobaki. Nilimwomba kila muuzaji ripoti hiyo, na wawili walikataa, nami nikawaaga. Moja ilikuwa imezaliwa na wati-saa 50, imebaki na 19. Ni sawa na kununua gunia la mahindi ambalo ndani yake kilo sitini ni pumba. Joto ndilo linaloua betri za namna hii, na joto kwetu halikosekani, hasa Januari na Februari. Kuiacha imechomekwa imejaa usiku kucha kila siku nako huichosha. Mashine nyingi za kiofisi zina mpangilio wa kusimamisha chaji ikifika asilimia 80. Tumia mpangilio huo, isipokuwa siku unayojua umeme utakatika.

Nilichokichukua mwishoni ni Lenovo ThinkPad T480, toleo la mwaka 2018, prosesa ya kizazi cha nane. Haina uzuri wowote, ni nyeusi kama sanduku la fundi seremala. Kilichonivuta ni kwamba ina betri mbili: moja ndogo ya wati-saa 24 iliyofichwa ndani, na nyingine nyuma unayoweza kuichomoa na kuchomeka nyingine bila kuzima mashine. Nilinunua betri ya pili ya nje. Zikiwa zote tatu zimejaa, tunamaliza filamu mbili katika giza la kijiji kizima. Ilikuwa na kumbukumbu ya gigabaiti 8, na nafasi ya kuongeza nyingine baadaye. Nilitoa laki sita na nusu, pamoja na betri ile, na kwa bei niliyouzia mimi ilikuwa sawa na magunia manane ya mahindi.

Kwa kioo nilikuwa mkali kuliko kwa prosesa. Mashine ya aina hii hii ilitengenezwa na vioo tofauti. Kipo hafifu cha nukta 1366 kwa 768, ambacho ukikaa pembeni kidogo sura za watu hugeuka rangi, na kipo cha 1920 kwa 1080 kinachoonekana vizuri kutoka kila upande. Kwa mtu anayeandika barua peke yake, hicho cha kwanza kinatosha. Lakini familia ya watu sita ikitazama filamu, ni nani atakaa katikati? Nimeona ugomvi wa watoto ambao chanzo chake, ukichunguza, ni kioo hafifu. Nililipa zaidi kidogo nikapata cha pili. Spika zake, hata hivyo, ziko chini ya tumbo na sauti yake ni ya mbu, basi tunaiunganisha kwa waya na ile redio iliyonunuliwa kwa ajili ya taarifa ya habari. Haina sehemu ya kuingizia CD, hasara kwangu mwenye kasha zima la taarabu na kwaya. Niliazima kifaa cha nje wiki moja nikazihamisha zote.

Niseme kidogo kuhusu gharama zinazofuata, kwani wauzaji hawazitaji. Chaja yake ni ya wati 65, hivyo uniti moja ya LUKU huiendesha kwa saa 15 hata ikila kwa nguvu zake zote. Huko hakuna la kulalamikia. Kinachokula fedha ni intaneti ya simu. Windows, ukiiachia, hujipakulia matengenezo ya gigabaiti kadhaa kwa usiku mmoja, na kifurushi chako cha mwezi kinakwisha ukiwa umelala. Nenda kwenye mipangilio ya mtandao, uieleze mashine kwamba intaneti hii hulipiwa kwa kipimo. Itasubiri hadi uiruhusu. Na vumbi letu jekundu hupenda feni. Kila baada ya miezi minne naipeleka kwa fundi Korogwe, naye huipuliza, nami hukaa pale pale nikitazama, kwa sababu mtumba mwenye sehemu nzuri ndani huwatamanisha watu.

Pamoja na jina lake, haifai kupakatwa. Ukiilaza mapajani au juu ya godoro, matundu ya hewa yanazibwa, inachemka. Tunaiweka juu ya sinia la bati lililogeuzwa, na mtoto mdogo anaamini sinia hilo ni sehemu ya kompyuta.

Mgawanyo wa matumizi tulikubaliana mezani. Hesabu za kikundi ni Jumapili mchana. Watoto wana usiku mbili. Mama watoto ameanza kuandika humo orodha ya wateja wake wa vitenge na madeni yao, na saa zake zinaongezeka bila kuomba ruhusa. Zangu ni alfajiri, kabla ya jogoo, ninapofungua Audacity, ambayo ni programu ya bure ya kuhariri sauti, na kuondoa ngurumo ya upepo katika hadithi za shangazi wa baba yangu. Wiki hii nimekwama dakika ya saba. Kuna neno la Kizigua analitamka mara mbili, la kwanza limefunikwa na mbuzi na la pili liko wazi kabisa sasa baada ya kusafishwa, na hakuna mtu nyumbani wala barazani anayelijua. Jumamosi betri zote tatu zitakuwa zimejaa, na kuna mzee Chogo ameniambia nimletee alisikie.